Kioo Cheusi na Wajuzi Watatu

Sijawahi kuwaheshimu wanaume wanaoitazama mashine iliyoharibika huku wamefunga mikono nyuma. Nimekuwa katibu muhtasi wa shule ya sekondari huku juu, njia ya Lukozi, kwa miaka ya kutosha kuwajua. Kwanza hukohoa. Halafu huinama kidogo, halafu husema, "Hapa kuna tatizo," utadhani sisi wengine tulikuwa tunafikiri ni sherehe.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa Ijumaa. Kuna fomu ilitakiwa kufika halmashauri kwa barua pepe kabla ya saa tisa alasiri, yenye majina ya wafanyakazi wa mkataba waliopendekezwa kuingizwa katika ajira ya kudumu. Kwetu alikuwa mmoja tu, mzee aliyekuwa mlinzi wetu wa usiku tangu jengo la utawala likiwa na chumba kimoja. Mwakani umri wake ungekuwa umepita kiwango. Kwa hiyo ilikuwa Ijumaa hiyo au basi, na yeye alilijua hilo kuliko sisi sote. Fomu nilikwisha kuijaza tangu Jumatano, nikaiambatanisha, ikabaki kubonyeza tu baada ya mkuu wa shule kuipitia. Mkuu hakuipitia. Alikuwa na shughuli nyingi, na iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa kusimama dirishani akitafuta mtandao wa simu yake.

Ijumaa hiyo alikuja mapema, akaketi kwenye kiti changu bila kuniuliza. Kompyuta ilikuwa na wiki nzima ikiomba kuwekewa mfumo mpya, nami kila asubuhi nilikuwa naikatalia, maana huwezi kubomoa jiko wakati ugali uko motoni. Yeye aliikubalia. Alisema ofisi ya umma haiwezi kubaki nyuma. Mashine ikahangaika kwa muda wa saa mbili hivi, ikajizima, ikajiwasha, na kioo kikabaki cheusi tii.

Mkuu alibonyeza kila kilichobonyezeka. Alipiga ubavu wa kioo kwa kiganja. Aliizima kompyuta, akaiwasha, akaizima tena, na kila ilipowaka alisogea nyuma hatua moja kama anayesubiri ipige chafya. Kisha akaniambia nikamwite mwalimu wa TEHAMA.

Huyu alikuwa na cheti cha kompyuta alichokitia kwenye fremu. Somo lenyewe alilifundisha kwa chaki. Alichora kibodi ubaoni, herufi zote na mahali pake, wanafunzi wakainakili kwenye madaftari, na kwenye mtihani akawauliza herufi fulani iko mstari wa ngapi. Aliinamia meza, akanusa, akasema ni virusi, vimeletwa na flashi za wanafunzi. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuingia ofisi ile na flashi. Wanafunzi wetu huingia pale kuomba ruhusa au kuchapwa.

Mjuzi wa tatu, fundi wa kompyuta, aliitwa kwa simu kutoka Lushoto mjini. Alifika kwa bodaboda, amevaa koti zito na miwani ya jua katikati ya ukungu, begani begi kubwa ambalo lilipofunguliwa lilikuwa na bisibisi moja na sahani ya plastiki ya chakula. Alifungua kasha la kompyuta, lile tunaloliita sipiyu, akapuliza vumbi kwa mdomo, likamrudia machoni. Akasema ni baridi ya huku, imekula kadi. Mkuu alifurahi sana kusikia hivyo. Yeye ni mtu wa Tanga mjini, na tangu ahamishiwe kwetu baridi yetu ndiyo inayobeba lawama zake zote, kuanzia goti lake hadi matokeo ya kidato cha nne.

Mimi nilikuwa najua.

Nilijua tangu mara ya kwanza mkuu alipoiwasha, kwa sababu niliusikia mlio wake wa kuamka. Mashine iliyokufa haipigi mlio. Nikatazama nyuma ya meza, nikauona waya wa projekta umening'inia pale pale alipouchomeka mkuu mwenyewe siku ya kikao cha bodi. Mfumo mpya ulipoamka ulikuta njia mbili za kutolea picha, ukachagua ya projekta, ambayo ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi, ila kazi hiyo ilikuwa inaonyeshwa mahali pasipo na mtazamaji. Nilifanya kazi steshenari miaka minne kabla ya kuja shuleni, na mambo hayo niliyaona hadi nikayachoka. Ilitakiwa kuuchomoa ule waya, basi.

Sasa utaniuliza kwa nini sikusema. Katika ofisi yetu mwenye cheo husema, aliye chini yake huitikia, na mwanamke wa kupiga chapa huleta chai. Muhula uliotangulia nilimsahihisha mkuu tarehe ya barua mbele ya wageni. Walipoondoka aliniambia kazi yangu ni kuandika, siyo kusema. Nililishika neno lile nikaliweka. Ijumaa ile nikaona siku yake imefika, nikalitii kwa raha zote. Niliketi kwenye benchi la wageni, nikakunja mikono, nikawatazama watu watatu wazima, wote wameshiba mishahara na masifa, wakizungukwa na ujinga wao. Nilifurahi. Sitajipaka mafuta hapa, nilifurahi sana.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Wangetoka kwenda kunywa chai, nami ningechomoa waya, ningeituma fomu, na wangerudi wakute kioo kinawaka na mimi nimeinamia kazi zangu. Kutumia kompyuta ya mahali pengine kulishindikana, maana nywila ya barua pepe ya shule iliwekwa na mkuu aliyehamishwa, na tangu hapo ni mashine ile peke yake iliyokuwa ikiikumbuka. Kuandika upya kwa mkono mkuu alikataa hata kusikia. Alisema yeye hawezi kuonekana huko juu kama anaongoza shule ya msingi.

Lakini hawakutoka. Waliagiza chai iletwe ofisini.

Kila nilipopita mlangoni na chupa ya chai nilimkuta yule mlinzi nje, kwenye ngazi. Zamu yake iliisha alfajiri, ilimpasa awe amelala kwake. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na miguu yake ilikuwa na tope la mashamba ya kabichi aliyokatiza. Mara ya kwanza nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza wamefikia wapi. Nikamwambia wanashughulikia, baba. Mara ya pili nikamwambia vile vile. Mara ya tatu nilipitia mlango wa nyuma.

Saa saba na nusu fundi alitoa hukumu. Sipiyu ipelekwe mjini, akaipasulie huko kwenye vifaa vyake. Mwalimu wa TEHAMA akaunga mkono. Mkuu akatikisa kichwa kwa uzito, kama daktari. Hapo nilisimama. Nilisema, "Mkuu, samahani, huo waya wa..."

Hakugeuka. Aliinua kiganja tu. "Subiri wakubwa wamalize."

Nikakaa. Maneno yaliyobaki yalikuwa machache mno, mtoto wa darasa la pili angeyamaliza. Ningeweza kuinuka, kunyoosha mkono na kuuvuta waya wenyewe, wala nisiseme kitu. Badala yake nilijisemea, haya, wakubwa, malizeni. Wakachomoa nyaya zote, wakaiviringisha sipiyu kwenye gunia la viazi kwa ajili ya manyunyu, wakaifunga nyuma ya bodaboda kwa mipira, na ikateremka nayo kuelekea Lushoto. Niliitazama hadi ikakata kona. Saa tisa ilifika ikapita, na ofisi yetu ilikuwa na kioo, kibodi na vikombe vitatu vichafu.

Jumanne sipiyu ikarudi. Waliichomeka kwenye kioo chake, ule waya wa projekta ukiwa bado sakafuni, na kioo kikawaka papo hapo. Fundi alisema amebadilisha kidude fulani ndani. Alikitaja jina, na nina hakika lilibuniwa njiani. Mkuu akampa mkono, mwalimu wa TEHAMA akampa mkono, wakapongezana kama waliochimba kisima. Nilifungua barua pepe. Fomu ilikuwa pale pale nilipoiacha, imejazwa, jina la mzee limeandikwa vizuri. Niliituma hata hivyo. Jibu lilikuja kabla sijainuka kwenye kiti. Muda umekwisha, orodha imefungwa.

Mkuu aliagiza mimi ndiye nikamweleze mzee, kwa kuwa tunaelewana lugha. Nilimdharau kwa hilo kuliko kwa yote. Nilimngoja mzee hadi jioni alipokuja kupokea lindo, nikamwamkia, nikamweleza kwa Kishambaa ili isiwe kama tangazo. Alisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza kama mashine ilikuwa imeumwa sana. Nikasema sana. Niliona aibu hata masikio yakawa ya moto, na bado nikasema sana.

"Sikulaumu, mwanangu," alisema. "Wewe ungeijua dawa yake, usingeninyima."

"Ndiyo, baba," nikamwambia.

Akanishukuru.