"Mkia Wake Rangi Gani?" Swali la mtunza uwanja wa ndege Lufingo

Saa nne kasoro robo asubuhi, siku ya Alhamisi, ukungu bado umelala juu ya chai. Tupokigwe Mwaisumo amemaliza kufukuza ng'ombe wawili uwanjani, amerudi kwenye kibanda chake cha mabati, na viatu vyake vya mpira vimelowa hadi ndani. Redio ya mkononi inakoroma.

Ni rubani Jairo wa ndege ya wapima ardhi, anakuja kutua. Tupokigwe anamjulisha kwamba ndege ya madaktari nayo iko njiani, inatua muda huohuo. Jairo anajibu upesi kwamba anamwona mwenzake, atajitenga naye mwenyewe.

"Mkia wake rangi gani?" anauliza Tupokigwe.

Anasogea mlangoni na redio, macho kwenye wingu.

Kwa swali hilo marubani wamembatiza jina la Mama Mkia, na wala hawamwiti hivyo kwa kumsifu. Mama huyu wa miaka hamsini na minne anajua. Anasema wamwite hata Mama Pembe, mradi wajibu.

Uwanja wenyewe ni mita mia nane za nyasi bondeni, katikati ya mashamba ya chai. Hauna mnara, hauna mitambo ya kuonyesha ndege ziko wapi. Tupokigwe ameutunza miaka kumi na mmoja, na anarudia mara tatu kunieleza kwamba yeye si mwongozaji wa ndege, hana mamlaka ya kumwamuru mtu. Kazi yake ni kutazama soksi ya upepo, ule mfuko wa mlingotini unaoonyesha upepo unakovuma, kutazama mawingu, kuondoa mifugo na kuwaambia marubani nani mwingine yuko karibu. Baada ya hapo wao wenyewe hupishana kwa macho. Anayemwona mwenzake husema "namwona", na kuanzia hapo ni juu yake kutomgonga.

Waswahili husema macho hayana pazia. Hao hawajafika Lufingo mwezi wa tatu.

Mwezi huo wa tatu, mwaka huu, palikuwa na ndege tatu. Ya madaktari ilikuwa inashuka kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa. Ya watalii ilikuwa inazunguka juu ya kijiji cha Kinyala, nje ya bonde. Ya Jairo ilikuwa inaruka kutoka hapahapa. Zote tatu ni nyeupe, na ukiziangalia kwa mbali zinatofautiana mkia tu: wa madaktari ni bluu, wa watalii mwekundu, wa Jairo kijani.

Jairo alisema anaiona ndege ya madaktari, akapaa. Kumbe aliyoiona ni ya watalii. Ya madaktari ilikuwa bado ndani ya wingu, inashuka kuelekea palepale alipokuwa anapanda yeye.

Tupokigwe aliziona zinatokeza pamoja, moja ikiinamia kushoto, nyingine ikiinua pua. Anasema nafasi iliyobaki kati ya ndege hizo ni kama kutoka kibandani hadi mparachichi wa jirani. Nimekwenda kuipima kwa miguu. Ni hatua mia moja na arobaini.

Katika ndege ya madaktari alikuwamo Sekela, binti yake wa pili. Sekela ni muuguzi. Kila Jumatano hupanda ndege kwenda kuzalisha na kuchanja katika vijiji vya ng'ambo ya milima ya Livingstone, ambako masika barabara hukatika, na hurudi Alhamisi. Siku ile alikuwa amesinzia, kasha la chanjo mapajani. Alishuka akamsalimu mama yake, akaenda zake nyumbani kula.

"Mimi nilibaki nimekaa kwenye nyasi," anasema Tupokigwe.

Jairo alipotua jioni alimwambia asiwe na wasiwasi, kwani si wamepishana salama? Hezron, rubani wa madaktari, hakusema hivyo. Huyo alikuja kibandani, akaomba maji, akamweleza jambo ambalo mama huyu hajalisahau: ndege inayokujia moja kwa moja haionekani kusogea. Inakaa palepale kwenye kioo kama doa la uchafu, na jicho hulipita. Ukishtuka, doa limekuwa ndege.

Habari ya kuona kitu kimoja ukadhani ni kingine, Tupokigwe hakuianzia kwenye ndege. Anakunja mkono wa sweta. Pana kovu la urefu wa kidole.

Kabla ya uwanja alichuma chai miaka tisa, kwa mkasi. Asubuhi moja ya ukungu rafiki yake Atupele aliapa kwamba anamwona, yuko mistari miwili pembeni, akaendelea kukata kwa kasi. Aliyemwona alikuwa mchumaji mwingine; Tupokigwe alikuwa mbele yake, na mkasi ukampata mkononi. Wote walivaa aproni za njano za aina moja, na kapu mgongoni ni lilelile. Tangu siku hiyo genge lao liliweka utaratibu: ukungu ukishuka, kila baada ya hatua chache unataja jina lako na namba ya mstari wako, na mwenzio anaitikia kwa jina lake na mstari wake. Neno "nakuona" lilipigwa marufuku kabisa.

"Sisi wa makapu tulijifunza kwa mkasi mmoja," anasema. "Hawa waliosoma wanasubiri nini?"

Hata mimi sijui wanasubiri nini. Ameandika barua nne kwa kampuni zenye ndege. Anachoomba hakihitaji mtambo wowote: ndege moja tu iingie bondeni kwa wakati mmoja, nyingine zisubiri juu ya Kinyala, na kila rubani ataje mahali alipo na kimo chake badala ya kusema "namwona". Barua tatu hazikujibiwa. Ya nne ilijibiwa kwa mistari minne, kwamba hakuna tukio lililotokea na anashukuriwa kwa ushirikiano.

Nilipiga simu katika mojawapo ya ofisi hizo. Ofisa aliyejitambulisha kwa jina la Ackson aliniambia marubani wao ni wazoefu na wana macho mazuri. Nilipomuuliza macho mazuri yanafanya nini ndani ya wingu, alinijibu kwamba ajali haina kinga. Nilikata simu kabla sijamvunjia heshima. Tupokigwe nilipomweleza hakushangaa.

"Kinga wanayo mdomoni," anasema. "Hawataki kuitamka."

Ndiyo maana anauliza mkia. Kukataza hawezi, ila kuuliza hajakatazwa.

Redio inakoroma tena. Sauti ya Jairo imepungua ucheshi.

"Mama, naona kama mwekundu."

"Huyo ni wa watalii, tata," anasema, yaani baba. "Wa madaktari hujamwona."

Kisha Jairo anasema anageuza, atasubiri juu ya Kinyala. Dakika mbili baadaye mkia wa bluu unatokeza kwenye wingu, upande uleule ambao Jairo angeingilia. Tupokigwe anaweka redio mezani, anafuta viganja kwenye khanga. Haoni raha ya kushinda. Amekasirika.

Ndege ya madaktari inatua, inasimama. Sekela anashuka na kasha lake.

Namuuliza Tupokigwe kama binti yake anajua ya mwezi wa tatu. Anasema hajamwambia. Aliogopa ataacha kupanda, na akiacha, wale wajawazito wa ng'ambo watazalishwa na nani? Basi, namuuliza, niandike au nisiandike, maana Sekela husoma gazeti letu?

Anamtazama binti akivuka nyasi kuja kwetu.

"Andika. Mwezi ujao wakubwa wa kampuni zote tatu wanakutana Tukuyu, na mimi nitaingia na barua ya tano, waniite wasiniite. Nataka wawe wamesoma."

Sekela amefika mlangoni. Anasalimu, anamtazama mama yake usoni, anauliza kuna nini. Tupokigwe anavuta kigoda, anakipangusa kwa kiganja.

"Weka kasha chini, mwanangu. Ukae. Lipo jambo, na kabla hujalisoma kwa huyu mwandishi, ulisikie kwangu."