Ncha ya Mkoko

Nichekeni tu, maana mwenyewe nimeshajicheka mpaka mbavu zinaniuma. Vuli hii kikundi chetu cha kina mama kilipewa kipande cha pwani tupande mikoko. Tukifaulu, tungeachiwa pwani yote tuitunze. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, nikajitangaza msimamizi.

Mbegu ya mkoko ni ndefu kama tango jembamba, na upande mmoja umechongoka. Bi Mize, mwenyekiti wetu, akaniuliza ncha ielekee wapi.

“Juu, Bi Mize! Umeona wapi mnara wa msikiti uliochongoka chini?”

Nikapigiwa vigelegele. Tukapanda na kupanda, mpaka nikaona bado kidogo tufike kisiwa cha Fundo kule ng'ambo.

Maji yalikuwa yameanza kujaa alipotufikia Bi Time wa Makoongwe, anayepanda mikoko tangu utotoni. Aling'oa mbegu moja, akaitazama, akashika kiuno.

“Yarabi! Hii ncha ndiyo mzizi! Nani kawafundisha kuisimamisha miti kwa kichwa?”

Nami nikageuka kwa hasira kumtafuta mkosaji. Bi Mize akanishika bega.

“Mwalimu wetu huyu hapa, Bi Time. Na cheti anacho.”