Kichwa Ni cha Aliyevua

Sabine hakuwahi kutishwa na samaki. Kabla ya Toronto, kabla ya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee kule Agincourt, alikuwa muuza samaki wa Uvira, kando ya ziwa, mtoto wa muuza samaki, na sokoni walimjua kwa macho yake na kwa ulimi wake. Alikuwa anafunua matamvua kwa kidole kimoja, kisha anamwambia mwenye samaki, "Huyu ni wa jana, usinichezee," na mwenye samaki ananyamaza, maana kweli alikuwa wa jana. Hata wavuvi wenye sauti kubwa walimpisha. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyemshinda Sabine, na mtu huyo sasa alikuwa amekaa sebuleni kwake, ghorofa ya kumi na nne, Flemingdon Park, amesukuma sahani pembeni.

"Papa, kula hata kidogo."

"Sikule hii. Hii samaki ilikufa mbele mimi nifike Canada."

Papa Hyacinthe, baba yake, alikuwa amevuka themanini. Maisha yake yote alivua ziwa la kwao, samaki wa mukeke na wale wadogo wa ndagala, mpaka magoti yakamkatalia, na mwaka uliopita Sabine alifaulu kumleta akae naye. Alikuja na koti moja na sheria tatu. Ya kwanza, yeye hali samaki wa kununua. Samaki lazima awe ametoka mkononi mwa mtu wa nyumba yake. Ya pili, kichwa cha samaki ni cha aliyevua, si cha mgeni wala cha mkubwa. Ya tatu, mwanamke haingii mtumbwini wala hagusi wavu, kwa sababu akigusa, wavu unalala, haunasi kitu. Ziweke pamoja sheria hizo uone zilivyomzungushia Sabine ukuta. Nyumba ile ilikuwa na mzee asiyeweza kushuka ngazi bila kushikwa, Sabine mwenyewe ambaye alikuwa mjane, na binti yake Ariane wa miaka kumi na saba. Mvuvi atoke wapi?

Mwanzoni Sabine aliona ni deko la uzee, litapita. Halikupita. Mzee alikula matonge mawili ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, akanywa chai, akarudi kitandani. Suruali zikaanza kumvuka kiunoni. Mwezi wa kwanza daktari alimpima, akamtazama Sabine usoni, akasema bila kuzungusha maneno kwamba uzito ukishuka tena mzee atalazwa na kulishwa kwa mpira. Sabine alijua mpira ule. Kazini kwake aliwaona wazee wanaolishwa hivyo, na aliona jinsi wanavyoacha kuangalia dirisha. Ndani ya lifti alilia, na mlango ulipofunguka akajifuta, kwa sababu jirani wa mkabala alikuwa mtu wa maswali.

Ufunguo wa ukuta ule aliupata kazini. Katika chumba cha mzee mmoja aliyekuwa akimhudumia kulikuwa na picha ukutani: mzee huyohuyo, enzi za nywele zake, amekalia ndoo katikati ya weupe mtupu, ameshika samaki mnene na anacheka. Sabine alikuwa akifuta vumbi picha ile mwaka mzima bila kuitazama. Siku hiyo aliitazama.

"Hapa ni wapi?" akamuuliza.

"Ziwa Simcoe," mzee akamjibu. "Saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa."

"Na mtumbwi wako uko wapi?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mtumbwi wa nini, mama? Ziwa limeganda. Unatembea tu, unatoboa tundu, unakaa."

Sabine aliganda na kitambaa mkononi. Hakuna mtumbwi. Hakuna wavu. Unatembea tu. Sheria za Papa zilikuwa zimetaja mtumbwi na wavu. Sakafu ya barafu hazikuitaja kabisa. Mwanamke yule alitoka chumbani akitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Mwenye gari alikuwa Nkirote, mfanyakazi mwenzake, Mmeru wa Kenya, mtu wa milimani ambaye hajawahi kutia samaki mdomoni na hana mpango huo.

"Wueh! Yaani nitoke kwa blanketi yangu, nikae juu ya maji, nitafute kitu hata sikuli?" Nkirote akauliza.

"Wewe endesha gari tu. Samaki ni kazi yangu. Mi najua samaki."

"Unajua kuuza samaki, Mama Ariane."

"Ni ile ile."

Haikuwa ile ile, lakini Sabine alishasema, na Sabine akishasema ameshasema. Wakachagua wikendi ya Siku ya Familia, mwezi wa pili, ambapo serikali huwaachia watu wavue bila leseni. Papa akaambiwa kwamba kuna zamu ya ziada kazini. Ariane alipoambiwa ukweli alimtazama mama yake akivaa suruali tatu, moja juu ya nyingine, akasema, "Seriously, Mama?" kisha akaenda kumletea soksi zake nene za shule.

Mwenye vibanda pale ziwani alikuwa Murray, mwanamume mwenye ndevu nyekundu na maneno machache. Kabla ya kuwaruhusu wakanyage barafu aliwapa maonyo kwanza. Barafu inayong'aa, nyeusi nyeusi, ndiyo ngumu. Nyeupe yenye povu si ya kuaminiwa. Wafuate njia yake, wasijitengenezee ya kwao. Akawavisha shingoni misumari miwili yenye vishikio: ukizama, unaichoma barafuni na kujivuta utoke. Nkirote aliitazama misumari ile, akamtazama Sabine, akaanza kusali Kimeru kwa sauti.

Sabine akapiga moyo konde, akakanyaga. Barafu ikalia chini ya kiatu, mlio mrefu uliokimbilia mbali, na Murray akasema hiyo ni kawaida, inajinyoosha. Akatembea. Kila hatua alitegemea mtu amwite arudi, kama Papa alivyomwita siku ile ya utotoni alipoweka mguu mmoja ndani ya mtumbwi, naye akashushwa kwa kofi. Hakuna aliyemwita. Alitembea mpaka ufukwe ukawa mstari, na furaha ikampanda kooni, akacheka peke yake.

Ndani ya kibanda kulikuwa na benchi, jiko dogo la gesi na mahali pa matundu mawili. Murray alitoboa barafu kwa keekee yake ndefu ya mota, maji yakapanda yakibubujika pamoja na vipande vya barafu. Kisha akampa Sabine upawa wenye matoboo wa kuchotea vipande hivyo, na kwa upawa Sabine hakuhitaji mwalimu. Akaonyeshwa fimbo fupi ya kuvulia, fupi kuliko mwiko wa bugali. Teremsha mshipi mpaka chubwi, ile risasi ya kuuzamisha, iguse chini, pandisha kidogo, halafu inua na kushusha, polepole. Samaki wa majira ya baridi hadaki, anaonja. Ukisikia mshipi umekuwa mzito kidogo tu, vuta.

Murray akafunua ndoo ya chambo. Ndani yake visamaki vidogo vya fedha vilikuwa vinazunguka.

"Ndagala!" Sabine akasema. "Nkirote, angalia, wanatupia samaki ndagala! Hii ni chakula ya mutu!"

Alivitunga kwenye ndoano kwa uchungu, kimoja baada ya kingine, na alivisikitikia kweli.

Wakakaa. Wakakaa zaidi. Chai ya chupa ikaisha na hakuna kilichoguswa. Sasa, kukaa kimya hakukuwa katika damu ya Sabine, na hapo ndipo ujuzi wake wa nusu ulipomponza. Utotoni, kutoka ufukweni ambako wanawake waliruhusiwa kusimama, alikuwa akiwasikia wavuvi wakipiga maji kwa makasia na kupiga ubavu wa mtumbwi, pwaa, pwaa, huku wakiimba. Alijua ndivyo samaki wanavyoletwa. Akainuka, akashika ndoo tupu, akaanza kugonga barafu na kukanyaga kwa mabuti, na wimbo akautoa kifuani, wa kanisani, kwa sababu maneno ya wimbo wa wavuvi hakuyajua.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Murray alikuwa anahema, kamba ya kuokolea mkononi.

"Nani amezama?"

"Hakuna aliyezama," Sabine akasema. "Ninaita samaki."

Murray akaanza kuikunja kamba yake. Kisha akasema kwa upole kwamba, kwa kelele ile, samaki wote wa upande huu wameshafika upande wa pili. Nkirote alijiziba mdomo kwa glavu mpaka machozi yakamtoka. Sabine akakaa chini, masikio yanamwaka moto, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akamfikiria Papa na kiuno cha suruali yake, na ule mpira.

Na nani alipata wa kwanza? Nkirote, ambaye alikuwa ameshika fimbo kwa sababu tu hakutaka kuiweka chini.

"Aki, iko hai! Iko hai! Sabine, toa hii kitu!"

Alikuwa sangara mdogo mwenye mistari ya njano, anarukaruka juu ya barafu, na Nkirote amepanda benchi. Alipotulia akamsukuma samaki kwa ncha ya kiatu. "Si umpelekee mzee huyu? Mimi nimfanyie nini?"

Wazo lilikuwa zuri, na Sabine alilipima. Nani angejua? Lakini angekaa mezani, Papa angeuliza, naye angedanganya. Na Papa angekula samaki wa mtu wa nje akiamini ni wa nyumba yake. "Hapana," akasema. "Mrudishe. Nitatoa wangu."

Akainama juu ya tundu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Sabine aliinama mpaka pua ikakaribia maji. Akafunga mdomo, na Nkirote alisimulia baadaye kazini kwamba huo ndio uliokuwa muujiza wenyewe. Inua, shusha. Inua, shusha. Alijikumbusha kwamba hata sokoni hakuwahi kumjua samaki kwa kelele. Alimjua kwa kidole. Basi akavua glavu, akaushika mshipi kwa kidole kilekile cha matamvua, kidole kikawa kama si chake kwa baridi, na akasubiri.

Uzito ukaja, kama mtoto anayekuvuta nguo. Akavuta. Wa kwanza alimpandisha hadi mdomo wa tundu, akamwona kabisa, na akamponyoka. Sabine alitamka neno la Kifaransa ambalo halisemwi kanisani. Akatia ndagala mwingine, akashusha tena, midomo inatetemeka. Safari hii uzito ulipokuja hakuwa na haraka. Akamwacha aonje, akavuta mara moja kwa nguvu, na mshipi ukaanza kukata duara ndani ya maji. Alimpandisha mkono kwa mkono, na kilipotokea kichwa tunduni alikitia kidole matamvuani, akamtupa juu ya barafu, akamlalia kwa kifua na makoti yake yote.

Alikuwa samaki mweupe, mnene, urefu wake kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole na kupita. Murray alipomwona alivua kofia.

Usiku uliingia wakiwa njiani. Nyumbani, Sabine hakupitia jikoni. Akaenda moja kwa moja sebuleni, akamlaza samaki juu ya sinia mbele ya baba yake. Papa Hyacinthe alikaa wima. Akafunua matamvua kwa kidole kimoja, akaangalia jicho, akabonyeza tumbo.

"Hii ni ya leo."

"Ya leo, Papa."

"Nani alimuvua?"

Ariane alisimama mlangoni, amekunja mikono. Sabine alikuwa ameandaa hotuba ndefu njiani, yenye hoja, yote ikamtoroka. "Ni mimi."

Mzee hakuinua macho. "Mu mutumbwi ya nani?"

"Hakuna mutumbwi. Ziwa liliganda. Nilitembea kwa miguu."

"Ulitembea juu ya ziwa." Papa akafikiri. "Petro mwenyewe alizama."

"Petro hakuwa na Murray."

Akambonyeza samaki tena. Kisha yakaja maswali, mafupi mafupi, jinsi mvuvi anavyomuuliza mvuvi. Kina gani? Chambo gani? Ndagala? Bure kabisa hawa watu. Mshipi ulishikwa vipi? Sabine akamwonyesha kidole, bado chekundu. Na mwisho, kwa kuwa hakutaka kubaki na uongo hata mdogo, akamweleza alivyogonga barafu kwa ndoo na kuimba.

Papa Hyacinthe alifungua mdomo kumkemea, na kikatoka kicheko. Alicheka mpaka Ariane akakimbilia maji. "Kupiga maji ni ya wavu, mutoto yangu! Unawafukuza waingie mu wavu. Ndoano inataka kimya. Miaka yote unauza samaki, hukujua?"

"Ningejua wapi, Papa? Mulinishusha."

Neno hilo lilitoka bila hasira, na mzee akalisikia. Akaomba tu samaki apelekwe jikoni kabla hajaharibika.

Sabine alimpika kwa mawese, nyanya na pilipili, Ariane akasonga bugali, nao ulikuwa na madonge lakini hakuna aliyeyataja. Mezani, Sabine aligawa kama alivyoona mama yake akigawa maisha yote: mkia kwa Ariane, kipande cha katikati kwake, na kichwa kizima, na macho yake, kwenye sahani ya Papa. Hakufikiria. Mikono ilikuwa imezoea.

Papa Hyacinthe alikitazama kichwa. Akakishika kwa vidole vyake vilivyopinda, mchuzi ukimdondokea mkononi, akakivusha juu ya meza na kukiweka kwenye sahani ya binti yake. Halafu akachukua kile kipande cha katikati, akamega tonge kubwa la bugali, akala.

Sabine alikaa na kichwa kile mbele yake, macho yamejaa machozi. Samaki wote aliowauza, maelfu kwa maelfu, na hajawahi kula kichwa. Hakujua pa kuanzia.

"Anzia shavuni," Papa akamwambia, mdomo umejaa.