Kilo Mia Moja za Vinko

Hapa mjini kwetu Ptuj, mwenye gari-nyumba haendi baharini Kroatia kutafuta chakula. Anakwenda nacho: gunia la viazi, mvinyo wa shamba la shemeji, mafuta ya mbegu za maboga, soseji za kutosha harusi. Vyote hivyo ndani havienei. Lazima keria ifungwe nyuma, kwenye chuma cha kuvutia tela, na kwa kufunga keria hakuna aliyemfikia Vinko Hergula, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara.

Kushika spana wengi wanaweza. Sifa ya Vinko ilikuwa makalio yake. Akishakaza bolti ya mwisho aliketi juu ya keria tupu, miguu ikining'inia, na gari likazama nyuma. Mkewe, Tilka, alipima kutoka sakafuni hadi kwenye chuma, akakata kijiti cha urefu huo, mteja akakabidhiwa.

"Ukipakia, kisimamishe hapa chini," Vinko alimwambia kila mmoja. "Chuma kikikigusa, kilo mia zimetimia. Usiongeze hata kitunguu."

Chuma hakiruhusiwi kubeba zaidi ya mia, na Vinko alikuwa kilo mia kamili. Alipimwa kwenye mizani ya duka la chakula cha mifugo, siku aliyofungua karakana. Ni miaka ishirini na miwili sasa. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na sikuwahi kuuliza.

Kila majira ya baridi, watu wakichinja nguruwe, wateja walimletea Vinko sahani: soseji za damu, mbavu, mafuta ya kukaanga yenye chembe chembe. Jirani kumpelekea jirani sahani moja ni desturi. Vinko alipelekewa arobaini.

"Wananipenda, mwalimu," aliniambia, machozi yakimlengalenga na kidevu kikimeremeta mafuta. "Daktari wa meno haletewi hata mfupa."

Nilimwonea wivu, nakiri. Mimi huletewa madaftari.

Vuli iliyopita alianguka kwenye ngazi za nyumba yake. Moyo. Hospitalini walimpima, mizani ikasoma mia na thelathini na moja. Daktari hakuzunguka: ashuke hadi mia, la sivyo asijisumbue kununua kalenda mpya. Tilka akafungia kila chenye mafuta, akamlisha supu ya kabichi miezi sita. Mwaka huu sahani zilipokuja zilirudi kama zilivyokuja. Aprili, Vinko alikuwa kilo mia kamili. Tilka alilia kwa furaha mbele yetu sote.

"Sasa kipimo kiko sawasawa," Vinko alisema kwa majivuno.

Mteja wa kwanza alikuwa Slavko Petek, wa tangu karakana ifunguliwe. Gari lake lilelile, ila keria aliyofungiwa miaka mitatu iliyopita ilikuwa imepinda, wala hakujiuliza kwa nini. Vinko akafunga mpya, akaketi. Tilka akakata kijiti. Petek alikiweka kando ya kile cha keria ya zamani, na kipya kikazidi kwa vidole vitatu.

"Fundi, hiki kirefu mno, chuma kitakigusa mapema. Mvinyo wangu niuweke wapi?"

"Uache nyumbani."

"Umekonda, bwana. Unatuharibia likizo." Petek alikwenda mbele ya gari, akarudi na kifurushi cha soseji. "Haya, kula. Safari bado wiki sita, utarudisha mwili wako. Unadhani miaka yote hii tulikuwa tunakulisha bure?"

Akacheka kirafiki kabisa. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Vinko alibaki juu ya keria, miguu ikining'inia. Nilikuwa mlangoni, nikaona uso wake ukilegea. Akamgeukia mkewe.

"Tilka, ulijua?"

Tilka alikuwa akiufuta msumeno ambao haukuwa na vumbi.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana, mzee wangu."

Vinko alishuka polepole, mkono kifuani. Alikipokea kifurushi kwa mikono miwili, kama alivyopokea vyote vilivyotangulia, akakiweka juu ya keria mpya na kukifunga kwa kamba, mafundo mawili. Kisha akampa Petek kile kijiti kirefu.

"Huo ni mzigo wako, Slavko," alisema. "Anza kuuhesabu."