Shemeji anataka ninunue gemu la watu wawili

Naomba mnifichie jina, maana ukoo wa mume wangu umo humu, na wengine wanakomenti kila siku. Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, naishi Igoma, nafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki Nyakato. Elimu yangu ni kidato cha nne. Mume wangu alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo. Binti yetu, nitamwita Happy ingawa si jina lake, yuko shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani nabaki peke yangu.

Mume wangu alikuwa fundi wa friji na alipenda sana gemu. Majirani walinicheka, lakini mimi ndiye niliyekuwa mwenzake. Tulicheza yale ya vita ambayo mnakuwa wawili upande mmoja, mnalindana. Alikuwa anatafuna karanga huku anacheza, pedi yake ya kuchezea ikawa na chumvichumvi isiyotoka hata nikiifuta. Nikipigwa nikaanguka, alikuwa anasema taratibu, "Lala hapo hapo mama, nakuja." Hakuwahi kuniacha chini.

Siku ya kuondoa matanga vitu vyake viligawanywa. Baba mkubwa aliyegawa ni mzee wa ng'ombe, mambo ya gemu hayajui. Akasema mashine ya gemu apewe mdogo wa marehemu, kwa kuwa ni kitu cha kiume. Kisha akaziinua zile pedi mbili, akazigeuzageuza, akasema, "Hivi navyo viko viwili. Kimoja kiende na mashine, kimoja abaki nacho mjane, kiwe ukumbusho." Hakuna aliyembishia. Basi shemeji akaondoka na mashine na pedi moja, mimi nikabaki na pedi isiyo na mashine.

Shemeji ana miaka thelathini na mbili, hajaoa. Baada ya miezi kadhaa akaanza kuja Jumapili baada ya ibada, mashine ikiwa kwenye begi la mgongoni. Nilifurahi, sitawadanganya. Nilikuwa sijacheka muda mrefu. Ananitania, "Shemeji, unalenga kama unamwagilia mchicha." Namjibu, "Na wewe umesimama mbele yangu kama mchicha wenyewe."

Sasa limetoka gemu jipya la askari wawili kwenye mji uliozama majini, wanapambana na mazimwi. Anataka nilinunue mimi. "Mimi naleta mashine, wewe lete gemu," akasema. "Hili shemeji haliwezekani mpaka watu wawili wakae pamoja." Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Miezi yote hii kwa nini hajanunua pedi nyingine, akacheza na vijana wenzake huko kwake?

Wiki hiyo hiyo nilimpigia mama mkwe kumsalimia. Baada ya shikamoo na habari za mvua akaniuliza, "Mwenzio bado anakuja kucheza?" Nikasema anakuja. Akasema, "Vizuri, Mama Happy. Mzoeane." Neno hilo limenikaa kifuani. Kwao mjane kubaki ndani ya ukoo ni jambo la heshima, na hakuna anayelisema wazi mpaka liwe limeshaiva.

Jumamosi nikaenda mwenyewe kwenye duka alilonielekeza, kule Nyegezi. Dada muuzaji akaniwekea nijaribu, yeye akawa mwenzangu. Nasema ukweli, gemu ni zuri. Risasi ni chache, huwezi kufyatua ovyo, lazima mwambizane. Kuna milango haifunguki mpaka wote wawili mshike. Ukianguka, mwenzako ana muda mdogo sana wa kukuinua. Kasoro yake, ukicheza peke yako yule askari anayeongozwa na mashine anakupita ukiwa chini kama hajakuona. Tena hatua zenyewe si nyingi, mkimaliza mnarudia.

Nikamuuliza, "Kwani lazima tukae pamoja?"

"Hapana mama. Kila mtu anaweza kukaa kwake, mradi awe na mashine na bando. Au mtumie mashine moja, pedi mbili. Pedi zipo, nikupe?"

Nikamwambia nimeelekezwa na shemeji yangu, nikamtaja jina. Akatabasamu. "Kumbe ni wewe. Yeye nilimwonyesha pedi akakataa. Alisema ya pili iko kwa mke wake."

Niliaga nikatoka bila kununua kitu.

Wenzangu wa huku kwetu mnajua, mdogo wa mume hukuita mke kwa utani. Hata kaka yake akiwa hai aliniita hivyo mezani, na marehemu alikuwa anamjibu, "Mchukue, ila anakoroma." Tunacheka wote watatu. Lakini kumwambia hivyo dada wa dukani asiyetujua, na mwenye kujibu utani hayupo, bado ni utani?

Jumapili alipokuja akauliza, "Umelipata?" Nikasema bado nalifikiria. "Shemeji, ni gemu tu hilo, unalifikiria kama unanunua kiwanja." Akacheka, lakini hakuniangalia usoni. Alikuwa anakunjua waya ambao tayari ulikuwa umenyooka.

Hajanigusa hata mkono, na sitaki mumtukane. Ni mpole, na labda naye anamlilia kaka yake kwa njia hiyo. Nikikataa, Jumapili zangu zitarudi kuwa kimya kama zile za mwanzo, na mimi zile siziwezi tena. Nikilinunua, naogopa nitakuwa nimeujibu ukoo mzima bila kufungua mdomo, na moyoni mwangu bado mimi ni mke wa mtu.

Nishaurini ndugu zangu, nilinunue au niliache? Ila nawaomba, asinijibu mtu kwamba ni gemu tu.