Nilivyotumwa Kuhesabu Mashabiki wa Wenzetu

Safari hii ilianzishwa na maneno ya Bwana Shauri, yaani Mwingereza aliyekuwa mkuu wa wilaya yetu, aliyoyatamka barazani hapo Singida mjini miaka michache baada ya vita vya Hitla. Alisema mnada wa ng'ombe umekosa zizi, na kiwanja chetu cha mpira nyuma ya maduka ya Wahindi kingefaa sana kwa kazi hiyo. Lakini kama timu ya mjini ina mashabiki wengi kuliko timu za shamba, basi kiwanja kitabaki, tena kitasawazishwa na kuzungushiwa uzio. Kama haina, ng'ombe wataingia.

Mimi ni fundi cherehani. Visiki vya kiwanja kile niliving'oa kwa mikono yangu nikiwa kijana, na mke wangu hupenda kuwaambia wageni kwamba yeye ni mke mdogo, mkubwa ni kiwanja. Habari ya ng'ombe ilinikata maini. Nikaenda kwa mwenyekiti wa timu, Bwana Mkoko, karani wa boma, mtu anayesema hata na kuku wake kwa sauti ya barazani.

"Fundi," akaniambia, "utazunguka Shelui, Ilongero na Mtinko. Utazame mechi zao, uhesabu watu, urudi na habari njema."

"Habari njema ni ipi, Mwenyekiti?"

"Kwamba hawana mtu."

Ili nisidharauliwe huko niendako, alinivika kaptula yake ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, soksi ndefu, na kofia ngumu ya jua aliyorithi kwa mzungu mmoja aliyehamishwa. Nilijitazama kwenye kioo cha dukani nikajiamkia.

Shelui nilikwenda kwa lori, juu ya magunia ya chumvi. Tulipofika mteremko wa Sekenke dereva alituamuru tushuke tutembee, kwa kuwa breki zake, alivyosema, zilikuwa na siku zake. Tukateremka kwa miguu nyuma ya lori tulilolilipia nauli.

Jioni ile ile kulikuwa na mechi kando ya barabara, na nilishtuka. Watu walikuwa wamejaa pande zote nne, wanapiga miluzi, wanamtukana refa kwa lugha nne tofauti. Nikaona kiwanja chetu kimekwisha kuwa zizi. Mwenyeji wangu, muuza chai aitwaye Jumanne, aliniona nimenyong'onyea.

"Unaumwa, bwana mkubwa?"

"Nawatazama mashabiki wenu. Mnao wengi."

"Mashabiki?" Akacheka mpaka akamwaga chai. "Hao ni abiria. Malori matatu yanapoza injini. Ngoja uone."

Nikangoja. Dereva mmoja akapiga honi, na upande mzima wa kiwanja ukainuka ukaondoka. Akapiga wa pili, wakaondoka wengine pamoja na winga wa kushoto, ambaye kumbe alikuwa utingo wa lori hilo. Alikimbia na mpira hadi karibu na kona, akamwachia mwenzake, akadandia lori likiwa linatembea. Hakuna aliyeshangaa. Dakika za mwisho za mechi tulizitazama mimi, Jumanne na mbwa wake, na mbwa alikuwa amelala. Nikalala usingizi mtamu.

Kutoka Shelui nilirudi mjini, nikaazima baiskeli, nikashika njia ya Ilongero katikati ya mashamba ya uwele. Njiani kila niliyempita alishuka pembeni na kuvua kofia. Nilidhani ni adabu za watu wa kule. Baadaye nilikuja kujua ilikuwa ile kaptula.

Ilongero wao hucheza siku ya mnada. Hapo nilikuta umati ambao sijauona hata siku ya sherehe za Mfalme. Kila baada ya muda mfupi ulilipuka kelele, na wachezaji wa Ilongero, maskini, kila kelele ikilipuka walinyanyua mikono kushukuru. Nikasogea karibu. Watu wote walikuwa wameupa mpira mgongo, wanatazama ng'ombe. Bei ya fahali mwekundu ikipanda, wanashangilia. Mnunuzi akisusa, wanazomea. Golikipa alifungwa goli safi kabisa huku akiwapungia mkono watu waliokuwa wanamshangilia mtamba. Nilimwuliza mzee mmoja, baada ya kumwamkia, nani anaongoza.

"Yule mwekundu," akajibu, "ila miguu yake siipendi."

Nikapanda baiskeli nikiwa na furaha isiyo na haya.

Mtinko nilifika Jumamosi jioni. Nilipokewa na katekista Yohana, mtu mpole, ambaye mkewe alituandalia ugali wa uwele na mlenda, na kuku juu yake kwa heshima ya ile kofia. Kesho yake, baada ya sala, tukaenda kiwanjani pamoja. Kiwanja chao kilikuwa na mwinamo, magoli ya miti isiyolingana. Lakini watu walikuwa wamekuja kutazama mpira. Vikongwe walikuwa wanawaita wachezaji kwa majina ya babu zao. Mpira ukienda kulia, miili yote inaegemea kulia. Mchezaji mmoja alipokosa goli, mwanamke aliyekaa mbele yangu alifunika uso kwa khanga akalia machozi ya kweli, kisha akamtukana mama wa mchezaji, ambaye alikuwa ni yeye mwenyewe. Golikipa wao, jitu refu liitwalo Mughenyi, alikuwa akidaka mpira anaucheka kabla ya kuurudisha.

Niliona wivu, sitaficha. Mjini kwetu watu huishabikia timu kwenye baraza za maduka, wamekaa, na siku ya mechi hugundua kwamba jua ni kali. Baadhi ya hawa walikuwa wametembea kutoka Ilongero, njia yote kwa miguu juani.

Wakati wa mapumziko nikakumbuka kazi niliyotumwa. Nikasimama juu ya kichuguu, nikaweka kofia sawa, nikanyoosha kidole: mmoja, wawili, watatu.

Kelele zikakatika. Nilikuwa sijafika mbali nilipoona upande wa wanaume umeanza kupungua. Hawakupiga ukelele. Waliinama tu wakayeyuka kwenye mashamba, mmoja mmoja, halafu makundi makundi, halafu wachezaji wenyewe, halafu Mughenyi, aliyeruka ua wa miiba kwa namna ambayo ingefaa sana golini. Refa alitimka mwisho akiwa na filimbi mdomoni, ikawa inalia kadiri anavyohema.

Wakabaki wanawake na vikongwe. Yule mama aliyekuwa analia alinijia mkono mmoja kiunoni.

"Wewe! Hata Jumapili? Hata kwenye mpira mnafuata kodi?"

"Mama, mimi nahesabu mashabiki!"

"Mashabiki ndiyo akina nani? Hapa mtu aliyevaa hivyo, anayenyooshea watu kidole na kuwahesabu kama mbuzi, ni karani wa kodi. Tangu lini akaja mwingine amevaa hivyo?"

Nikamtazama katekista anitetee. Naye alikuwa amekwisha ondoka; baadaye nilikumbuka kwamba risiti yake ya kodi hakuwahi kunionyesha.

Niliporudi mjini, Bwana Mkoko alifurahi kama aliyepata mtoto. "Kwa hiyo Mtinko, kipindi cha pili, hakuwako mtu?"

"Hakuwako mtu, lakini Mwenyekiti..."

"Lakini ni ya nini? Umeona kwa macho yako." Akamwalika Bwana Shauri aje ahakikishe: sisi na Mtinko, hapa kwetu, siku ya Jumamosi.

Jumamosi hiyo jua liliwaka, na watu wa mjini wakabaki barazani kama nilivyowajua. Saa ya mechi ilikaribia na kiwanja kilikuwa na muuza duka mmoja wa Kihindi kwenye kiti chake, na mbuzi. Bwana Mkoko akatoka mbio kwenda kwa rafiki yake, askari mkubwa wa jela. Alirudi na wafungwa wote, wamevaa nguo zao nyeupe, wakakalishwa safu kwa safu, kiwanja kikapendeza kama kanisa. Hakuuliza kwao ni wapi.

Bwana Shauri akaja, akakaa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tulipofunga goli, mwenyekiti peke yake ndiye aliyepiga makofi. Mhindi naye akapiga, kwa adabu. Kisha Mtinko wakasawazisha, na zile safu nyeupe zikainuka zote kwa mpigo. Walipiga kelele mabati ya maduka yakatetemeka. Waliwaita wachezaji kwa majina ya babu zao. Mmoja, jitu refu, alikuwa anaruka akiucheka mpira.

Nikasogea hadi alipo.

"Mughenyi?"

"Naam, karani." Hakuwa na kinyongo, na hilo liliniuma zaidi. "Siku ile tulikimbilia mtoni. Askari wa kodi walikuwa kule, wamejipumzisha. Walidhani tumejileta wenyewe."

Nikataka kumwambia mimi ni fundi cherehani tu. Lakini Bwana Shauri, aliyedhani zile safu nyeupe ni watu wa mjini waliovaa kanzu kushangilia timu yao, alikuwa amesimama, uso mwekundu kwa furaha, anasema hajasikia timu ikipendwa namna hii tangu aondoke kwao Ulaya. Kiwanja ni chetu. Zizi litajengwa kwingine. Bwana Mkoko akanikumbatia, akaniambia nilie kama nataka kulia, ni furaha.

Tangu siku hiyo, mtu akija kunitambia kwamba timu fulani ina watu wengi, namwuliza kwanza wamekujaje na watarudi vipi nyumbani. Nilikuwa nimekipata kiwanja nilichokipenda kuliko kitu chochote, na mtu pekee niliyetaka kumwomba radhi alikuwa anapangwa mstari kurudishwa jela.

"Hongera, karani," akaniambia akipita. "Jumatatu sisi ndio tunakuja kukisawazisha."