Kikohozi Chini ya Daraja la Mungu

Juzi niliwapeleka wajukuu kwenye Daraja la Mungu, jabali lililojilaza lenyewe juu ya mto wetu. Harufu ya popo na mawe yaliyolowa ikanirudisha utotoni, kwenye miaka ya Hali ya Hatari, wakoloni walipowasaka wapiganaji wa msituni.

Alasiri moja mama aliacha viazi vitamu vya moto chini ya jabali lile. "Ni vya Mungu," aliniambia. Huko gizani, Mungu akakohoa.

Njiani homugadi, mgambo wa wakoloni, mwenye bunduki akaniuliza tulikotoka.

"Kumpelekea Mungu chakula. Ana kikohozi."

Mama akanibana mkono. Homugadi akacheka mpaka machozi, akatupisha.

Vita vilipokwisha, mwanamume mwenye nywele ndefu aliingia jikoni kwetu, akakohoa.

"Msalimie baba yako," mama akasema.

Kikohozi kile nilikijua. Nikapiga magoti.